Mazishi Katika Banda la Video

Sijamsamehe yule mtafsiri wa filamu wa Kasulu, wala sina mpango huo.

Vita vilipopamba moto kwetu Kongo, nilikuwa mwanamitindo. Sura yangu ilitundikwa kwenye kalenda za maduka ya vitenge. Kisha nikaigiza filamu moja tu, kwa Kifaransa, nikiwa mama anayemzika mwanawe. Hakuna aliyenifundisha kulia. Milio ya risasi ilisikika mpaka pale tulipokuwa tukirekodi.

Sasa naishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Jumapili moja mchana nilikwenda mjini Kasulu, nikaona filamu yangu imeandikwa kwenye ubao wa banda la video. Nikalipa, nikaingia.

Mtafsiri, kama kawaida yao, akapunguza sauti ya filamu, akashika kipaza sauti, akaanza kututungia maneno. Kifaransa hajui hata salamu. Nilipopiga magoti kaburini, akapaza sauti: "Mnamwona huyu? Anafukia dhahabu ya mumewe, akimbie na hawara!" Banda zima likaangua kicheko.

Nikainuka, nikaenda kusimama mbele ya televisheni.

"Huyo ni mimi," nikawaambia. "Na aliye hapo chini ni mtoto."

Wakanitazama mimi na mvi zangu, wakazidi kucheka.

"Mama, kaa chini bwana," akasema yule mpumbavu kwenye kipaza sauti. "Unatuzibia mrembo wetu."

Sikukaa. Nilisimama palepale, nikawazibia mpaka mazishi yakaisha.