Siku Tisa Nilizoikalia Barua ya Siwema

Nilikuwa bado mtoto, sijatimiza miaka kumi na sita, nilipoamini kwamba nimemtia mdogo wangu ugonjwa wa kufa kwa kumtazama tu. Leo mimi ni mtu mzima mwenye watoto, na mambo haya naweza kuyasimulia sauti isitetemeke sana. Mwanzoni sikuwa na wa kumwambia.

Tulikaa Mikumi, nyuma ya barabara kuu, mahali malori yanapopumzika kabla ya kuendelea na safari ya Iringa. Mama yetu alikuwa akipika na kuwauzia madereva chakula kwenye kibanda. Baba alifariki tukiwa wadogo. Tulikuwa wawili tu, mimi Zainabu na mdogo wangu Siwema, tuliopishana mwaka mmoja na miezi michache. Bibi, aliyemzaa Mama, alikuja kutoka Kidete kukaa nasi mguu ulipoanza kumsumbua. Akaja na Kisagara chake, alichozungumza na Mama kila walipotaka sisi tusielewe.

Mimi nilichelewa kuanza shule kwa sababu ya homa za mara kwa mara, kwa hiyo Siwema akanikuta darasa la kwanza, na toka hapo tukaenda sambamba mpaka sekondari. Ni jambo zito kusoma darasa moja na mdogo wako anayekuzidi akili. Kila mwalimu aliyerudisha madaftari alilisema neno lile lile, akidhani anatania: "Zainabu, si umuulize mdogo wako akufundishe?" Darasa linacheka. Siwema hakuwahi kucheka, na kwa hilo nalo nilimchukia.

Tukiwa kidato cha pili, muhula wa kwanza, Siwema akawa wa kwanza kidato kizima. Mimi nilikuwa wa thelathini na kitu. Mama alifurahi akachinja kuku. Sasa nyumbani kwetu firigisi ilikuwa yangu. Baba alipoondoka, Mama alisema itakuwa ya mtoto wa kwanza, na hata siku tulizokula kuku wa kununua vipande, yangu ilitafutwa. Siku ile Mama aliichota firigisi akaiweka kwenye sahani ya Siwema, wala hakunitazama.

Nilimwangalia Siwema anavyoitafuna. Bibi akaniona.

"Zainabu, angalia sahani yako."

"Naangalia, Bibi."

"Huangalii. Usimtazame mwenzio hivyo anapokula. Jicho la mtu wa nje hupita juu ya ngozi tu. La ndugu huingia na chakula."

Mama akamwambia Bibi kitu kwa Kisagara, tukaendelea kula.

Mwezi haukuisha. Siwema alianza kutoka damu kwenye fizi akipiga mswaki. Mapajani akatokwa na mabaka ya buluu kama mtu aliyepigwa, wakati hakuna aliyemgusa. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Zahanati walimpa dawa ya malaria, kisha wakamwandikia kwenda Morogoro, na Morogoro wakamwandikia Dar es Salaam. Mama alikwenda naye, wakakaa huko wiki nyingi, nami nikabaki na Bibi tukiuza chakula. Kila nilipokula nilikumbuka maneno yake. Nilikuwa nikila nimeinamisha uso, na Bibi hakuuliza kwa nini.

Waliporudi, Siwema alikuwa mwepesi kiasi kwamba kondakta alimshusha kwenye basi kwa mkono mmoja. Nywele zilikuwa zimenyonyoka zote. Kesho yake Mama aliniita nyuma ya kibanda, tukakaa tukichagua mchele.

"Ni saratani ya damu," alisema. "Wamejaribu dawa, haikushika. Wameniambia nimrudishe nyumbani. Akiishiwa damu aongezewe, akiumia apewe dawa ya maumivu."

"Atapona lini?"

"Hatapona, Zainabu. Na mwenyewe anajua. Alimuuliza daktari, daktari akamwambia."

Mama aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitazama, kisha akakirudisha humo humo kwenye ungo.

Bibi alitoa amri yake: ugonjwa ule usitajwe jina nje ya mlango wetu. Ukiutaja, alisema, umeuita, na kifo nacho husikia. Majirani wakaambiwa mtoto kapungukiwa damu. Wakaleta rozela na matembele ya kuongeza damu.

Sasa nitasema lile ninaloona aibu kulisema. Nilimwonea wivu mgonjwa. Nilijua anakufa, na bado nilimwonea wivu. Alilala kitanda cha Mama. Alipewa mayai, maini, soda baridi ya dukani. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kushikashika watoto, alimkanda miguu kila jioni huku akimwimbia kwa sauti ya chini, na mimi nikiwa uani nafua mashuka yake. Nilikuwa naogopa kwamba mimi ndiye niliyemfanya hivyo, na wakati huo huo nilikuwa nikitamani nami niumwe kidogo. Mambo hayo mawili yalikaa kifuani pamoja wala hayakugombana.

Siwema akasema anataka kurudi shule. Mama alikataa, Siwema akaacha kula mpaka Mama akakubali. Jumatatu asubuhi Mama akanipa bahasha yenye barua ya daktari.

"Mpelekee Mkuu wa shule. Umweleze kila kitu, ili asimkimbize wala asimchape. Mimi siwezi kuyasema maneno hayo mbele ya watu. Bibi yako asijue."

Niliitia kwenye begi. Nilikaa nayo siku tisa.

Siku ya kwanza nilijiambia Bibi amekataza, na mimi ambaye jicho langu limeshafanya uharibifu nisiongeze na mdomo. Hiyo ilikuwa kweli, niliogopa kweli kweli. Ila haikuwa kweli yote. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeona jambo lingine. Pale shuleni wasichana wote tulinyolewa, kwa hiyo kichwa cha Siwema hakikumshangaza mtu. Alikuwa amekosa masomo mengi, akiulizwa hajui. Mwalimu wa hesabu alimwambia, "Siwema, umelala wewe siku hizi," na mimi nikanyoosha kidole nikajibu, nikapata. Nyumbani alikuwa malkia. Shuleni, kwa mara ya kwanza, tulikuwa sawa, na barua ile ingeuondoa usawa huo.

Siku ya tano aliniuliza njiani, akiwa amesimama kupumzika, "Dada, hivi walimu wanajua?"

"Wanajua," nilimjibu.

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ni wagumu sana."

Wiki ya pili mwalimu wa zamu alikuwa Mwalimu Mkude, mtu wa nidhamu, asiyependa mwanafunzi anayekaa chini wakati wenzake wanakimbia mchakamchaka. Siku mbili alimkuta Siwema amekaa kwenye ngazi ya darasa. Ya tatu akamwita mbele yetu mstarini.

"Wewe ukienda Dar unarudi bibi harusi, siyo? Umekuja kukaa?"

"Hapana, mwalimu. Nimechoka."

"Umechoka saa moja asubuhi. Haya, chukua ndoo. Maji ya choo cha wasichana yote leo ni yako."

Siwema alinitafuta kwa macho kwenye mstari. Alikuwa akidhani mwalimu anajua kila kitu na bado anamtuma ndoo, na hakuelewa mtu anawezaje kufanya hivyo. Mimi nikatazama viatu vya aliyesimama mbele yangu.

Safari ya kwanza alifika. Ya pili, nikimwona kwa dirisha la darasa, aliweka ndoo chini katikati ya uwanja, akajishika pua. Nilidhani anafuta kamasi. Kisha nikaona blauzi nyeupe inabadilika rangi kutoka shingoni, na damu haikomi, naye anainamisha kichwa ndani ya ndoo ili asichafue uwanja.

Nilitoka darasani bila ruhusa, na begi mkononi. Ofisi ya walimu ilikuwa wazi, walikuwa wakinywa chai, Mkuu wa shule akiwa amesimama mlangoni na kikombe. Alikuwa mama mtu mzima wa kutoka milimani, mpole ila asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nilimpa bahasha. Mkono wangu ulikuwa umeikunja mpaka imekuwa kama kitambaa. Akaweka kikombe, akaanza kusoma, nami nikaona kusoma kwake kutachukua muda na Siwema yuko juani. Nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na walimu wote wakageuka.

"Siwema ana saratani ya damu. Hatapona. Amepewa dawa ya maumivu tu. Akitoka damu haiachi yenyewe, apelekwe hospitali, na sasa hivi anatoka damu hapo nje. Anakuja shule kwa sababu anapenda kusoma. Mama amesema msimkimbize."

Mwalimu Mkude alikuwa amekaa karibu na dirisha. Aliinuka akapita mbele yangu bila kunigusa. Kupitia dirisha nilimwona akikimbia, mtu mwenye kitambi, akavua koti akamzungushia Siwema, akambeba kama mtoto mchanga mpaka kwenye gari la shule.

Mkuu wa shule alibaki na mimi.

"Barua hii ina tarehe ya kabla hajarudi shule. Ilikuwa wapi?"

"Kwenye begi langu, Madam."

"Ulisahau?"

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, nami niliuona. "Sikusahau," nilisema. Alinitazama muda mrefu, akaniambia nikae, akanipa chai yake mwenyewe. Heri angenichapa.

Siwema aliongezewa damu akarudi nyumbani, na baada ya siku chache akarudi darasani. Kukawa na kiti chenye mto. Mwalimu Mkude akawa anakuja asubuhi mpaka nyumbani na pikipiki yake kumchukua, akimwamkia Bibi kwanza, akiendesha polepole kama amebeba mayai. Mwalimu wa hesabu akamfundisha peke yake wakati wa mapumziko. Unaweza kufikiri wivu uliniisha baada ya siku ile ya damu. Haukuisha. Nilikuwa natembea peke yangu kwa miguu nyuma ya vumbi la pikipiki ile, na nilijua ninachohisi kinaitwaje.

Mchana mmoja wa Jumamosi nilimkuta kajilaza kwenye mkeka nyuma ya kibanda, nikamweleza yote. Firigisi. Jicho. Barua. Nilianza na firigisi kwa sababu niliona ndiyo kubwa.

Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Ile firigisi ilikuwa ngumu kama kandambili. Nilitafuna kwa sababu Mama alikuwa ananiangalia."

"Siwema, nimekuua."

"Daktari alinichorea kwenye karatasi, Dada. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, na huko ndiko kulikoharibika. Jicho lako litafikaje ndani ya mfupa?" Breki za lori zikapiga kelele barabarani. "Halafu kama jicho la ndugu lingekuwa linaua, wewe ungeshakufa. Kila asubuhi ukivaa viatu vyako kwa haraka vile, nakutazama. Utamaliza kidato cha nne. Utaolewa, utanenepa kama Mama. Nakuonea wivu mpaka namwomba Mungu anisamehe. Mbona huumwi?"

Haikuwa imenipitia akilini kwamba mimi nami nina kitu cha kuonewa wivu.

"Na barua?" niliuliza.

Hapo hakucheka. Alivuta khanga akajifunika miguu.

"La barua ni lako," alisema. "Sitakudanganya kwamba halikuniuma. Nilikuuliza, ukaniambia wanajua." Kisha akaniomba nimsogeze kivulini, nikamsogeza.

Siwema alifariki kabla ya mitihani ya kidato cha pili, mchana, mkono wake ukiwa kwenye paja la Mama. Tulimzika Kidete kwa wazee wetu, ng'ambo ya reli. Walimu walikuja na gari la shule. Mwalimu Mkude alishika koleo na hakumwachia mtu mpaka udongo ulipokwisha.

Baada ya arobaini nilipata ujasiri wa kumuuliza Bibi kuhusu siku ile ya firigisi na jicho la ndugu, kama kweli huingia na chakula, kama lilikuwa langu.

Alikunja uso akitafuta. "Firigisi ipi?" aliniuliza. Hakukumbuka. Maneno niliyoyabeba miezi yote ile, yeye aliyasema kama anavyosema mtu "funga mlango", akaendelea na tonge lake.

Sikumkasirikia wakati ule wala sasa. Siamini tena kwamba macho ya mtu yanaweza kuharibu damu ya mwingine. Hata hivyo siwezi kusema Bibi hakuona kitu siku ile mezani. Aliona mtoto ambaye angeweza kumfanyia ndugu yake ubaya, na ubaya ulitendeka, bila uchawi wowote, kwa kunyamaza siku tisa na neno moja la uongo njiani. Hilo nimelikubali. Siwema alisema ni langu, na nimekaa nalo.

Mama bado yuko Mikumi, amezeeka, kibanda ameachia wengine. Nikienda kumsalimia, akinisikia mlangoni huita, "Siwema?" Miaka ya mwanzo nilikuwa namsahihisha, na moyo ukiniuma kwa lile lile la zamani, kwamba hata leo jina lake ndilo linalotangulia. Mwaka huu nilipofika aliniita hivyo hivyo, akiwa amekaa kitandani anatafuta khanga yake.

"Abee, Mama," niliitika, nikaingia.