Mguu wa Kukanyagia Cherehani

Karakana ya makochi ilikuwa ya wanaume watupu, isipokuwa yeye. Walimwita Bi Mto kwa sababu mito yote ya makochi ilipita mikononi mwake, na kwa sababu mafundi wale wasipokupa jina la utani ujue hawajakupenda. Mshono wake ulinyooka hata ukadhani umepigiwa rula. Msimamizi wao, mzee mwenye tumbo lililomfanya aitwe Sponji, aliwaambia wateja: "Hii ni kazi ya Bi Mto. Ukiona uzi umepinda, kapime macho."

Basi siku moja Bi Mto huyohuyo alikaa kwenye kochi jeupe la mteja ili ajaribu springi, na alipoinuka akaacha doa. Damu ilikuwa imepita pedi, imepita gauni, imezama kwenye kitambaa kipya. Sponji aliona. Alichukua mkasi, akafumua sehemu yote ya kukalia, na wenzake walipouliza akasema gundi imemwagika.

Uungwana ule ndio uliommaliza. Angemgombeza, angelia yakaisha. Jamani, kuna aibu ya kusemwa na kuna aibu ya kusitiriwa, na hii ya pili ndiyo inayotafuna mtu pole pole. Bi Mto alifunga sweta kiunoni, akarudi nyumbani akipita kandokando ya kuta.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe wake, mjane aliyekuwa akiishi nao. Aliona gauni limelowekwa kwenye beseni, maji yamekuwa mekundu. Nisimsingizie mama wa watu: alimpenda mkwewe, na kupenda kwenyewe ndiko kulikoleta balaa.

"Kesho tunakwenda hospitali, mimi na wewe," alisema. "Unaisha hivi hivi nakuona. Halafu damu hii ndiyo inayotunyima mjukuu wa pili."

Bi Mto akajibu, "Sawa, mama," na moyo ukamruka. Maana mjukuu wa pili hakunyimwa na damu. Alinyimwa na vidonge vya uzazi wa mpango. Alipojifungua binti yao wa kwanza, alivuja damu mpaka akaongezewa ya watu wengine, ndipo yeye na mumewe wakakubaliana wapumzike kwanza. Mumewe, fundi rangi, ndiye aliyevinunua kwenye duka la dawa akitoka kazini. Boksi alilitupa njiani, karatasi yake akaitupa, hata lile bati la nyuma ya vidonge lenye maandishi alilikwangua kwa kisu cha rangi, mama yake asije akaliokota akasoma. Bi Mto alikuwa anameza kitu asichokijua jina. Tena alimeza kwa kuvizia: leo amepata nafasi, kesho mkwe yuko chumbani anakunja nguo, kidonge kinarukwa. Kuruka huko nako kukamvuruga damu zaidi.

Kwa daktari waliingia wote wawili, kama ilivyo kawaida ya mkwe anayejali. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, ila nje foleni ilikuwa imefika getini. Akapima, akaandika, akauliza.

"Umewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu?"

"Hapana," alisema mama mkwe.

"Kuna dawa nyingine unatumia? Vidonge vya uzazi wa mpango?"

"Hee! Daktari, vya nini?" Mama mkwe akacheka. "Sisi tunatafuta mtoto!"

Daktari akamgeukia mwenyewe. "Ni kweli, mama?"

Bi Mto akatikisa kichwa kukubali.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwa na mzaha. Daktari akamwandikia dawa ya kupunguza damu, akamweleza taratibu. Dawa hii haikati hedhi, alisema, inasaidia damu igande itoke kidogo. Imeze siku za damu nyingi tu, vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, na usivuke siku nne. Damu ikikoma, acha. Usiongeze kwa kuona unachelewa kupona, wala usimgawie jirani kwa huruma. "Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, au pumzi ikikata, acha dawa uje mbio. Nimekuuliza habari ya uzazi wa mpango kwa sababu ukichanganya na vidonge vile, damu inaweza kuganda mahali isipotakiwa."

Alisikia vizuri. Masikio yalikuwa mazima, mdomo ndio uliogoma.

Jioni alimkuta mumewe nyuma ya nyumba akiosha brashi, akamnong'oneza yote. Mume akatazama dirisha la mama yake.

"Vidonge vyenyewe ni vidogo hivi!" alisema. "Mama asijue tu. Utaniaibisha."

"Na mimi nikidhurika?"

"Usijitabirie mabaya, mke wangu." Akaendelea kuosha brashi.

Ukweli lazima usemwe, dawa ilifanya kazi. Hedhi iliyofuata Bi Mto alikaa kwenye makochi ya watu akainuka bila kugeuka nyuma kujitazama, na siku hiyo aliwatania mafundi wote mpaka Sponji akauliza kama kuna mtu anaolewa. Alijisikia mtu kati ya watu. Nani angemwambia arudi kwa daktari akasema alidanganya?

Hedhi ya pili, mguu wa kulia ukaanza kuuma. Sasa, mguu wa kulia ndio mguu wa kukanyagia cherehani, na kila fundi cherehani duniani ana mguu unaouma. Alijiambia ni pedali. Akaupaka dawa ya kuchua, akavaa gauni refu, akaendelea na kazi. Mafundi wakimwona anachechemea walimwambia, "Bi Mto, tia oili hiyo bawaba!" naye akacheka pamoja nao huku jasho likimtoka. Moyoni neno la daktari lilikuwa linamgonga, na kila likigonga alilifungia mlango. Kurudi kule kungekuwa kujivua nguo mbele ya mkwe.

Asubuhi moja kiatu kiligoma kuingia. Akaenda nyuma ya marundo ya sponji, akapandisha gauni, akatoa futi yake ya kazini akazungushia mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Akapima tena, maana fundi haamini kipimo kimoja. Wa kulia ulikuwa umeuzidi mwenzake kwa unene wa kiganja, umekuwa wa moto, ngozi inang'aa. Hapo pedali ilikosa la kujitetea. Bi Mto akakaa chini juu ya sponji, na kwa mara ya kwanza hofu ikaishinda aibu.

"Mzee, nipeleke hospitali," alimwambia Sponji. Yule mzee alisimamisha gari, akapiga simu nyumbani kwao na kwa mumewe.

Mkwe ndiye aliyefika kwanza, anahema, kiatu cha mguu mmoja hakijafungwa. Alimkuta Bi Mto amelazwa na yule yule daktari amesimama kando ya kitanda, majibu ya picha mkononi.

"Kuna damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu," daktari alisema. "Ikibanduka ikaenda mapafuni, hatutapata muda wa kuoneana haya. Ile dawa naisimamisha kuanzia sasa. Niambie, mama, ulikuwa unameza nini kingine?"

"Daktari, si nilishakwambia..." mkwe alianza.

"Vidonge vya uzazi wa mpango," alisema Bi Mto. "Tangu mtoto alipoanza kukaa."

Mama mkwe alijishusha kwenye kiti kana kwamba ni yeye aliyevimba mguu. "Na mimi," alisema polepole, "mimi natembea mtaa mzima nikiomba watu waniombee mjukuu." Bi Mto alitamani godoro limfunike. Uso uliwaka moto kuliko mguu.

Wakati huo mumewe akaingia, rangi ya kijani imemkauka mpaka kwenye nywele. Mama yake hakumpa nafasi hata ya kusalimia.

"Mwenzako alikuwa anameza vidonge vya kuzuia uzazi. Ulijua?"

Akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, mwisho akautazama ukuta. "Mama," alisema, "ndiyo kwanza nasikia."

Lo! Ya kochi Bi Mto aliyameza, ya kudanganya daktari aliyameza, hata haya ya kuumbuka mbele ya mkwe alikuwa anajitahidi kuyameza. Lakini kumwonea aibu mtu unayelala naye kitanda kimoja ni jambo jingine, na hilo hakuwahi kulijua. Aliangalia mkono wa mumewe ulioshika ukingo wa kitanda, akajikuta ameuhamisha ule mguu wake usiovimba usiguse pale.

"Vilikuwa vya jina gani?" daktari aliuliza. "Viko vya aina nyingi. Vingine vinahusika sana na kuganda huku, vingine sivyo. Nahitaji jina."

"Silijui," alisema Bi Mto. "Sijawahi kuona boksi."

"Nani analijua?"

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa fundi wake, kama alivyokuwa fundi wa mito. Akasema, "Muulize yeye. Ndiye anayevinunua."

Mume akakohoa. Akajikuna rangi shingoni. Kisha akataja jina la vile vidonge, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

"Sikusikia," alisema daktari, kalamu iko hewani.

Akalitaja tena, safari hii kwa nguvu, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa. Daktari akaandika, akatoka haraka kuagiza sindano.

Mama mkwe hakumtazama mwanawe. Alikuwa amekodoa macho sakafuni, kwenye kile kiatu chake kisichofungwa.

"Siku ile daktari alikuuliza wewe," alimwambia Bi Mto. "Nikajibu mimi."

Bi Mto akavuta shuka mpaka usoni, akalia.