Kumpisha Baba Mkwe Korongoni

Wazo lilikuwa la mume wangu, kama mawazo yake yote mazuri ambayo hutekelezwa na wengine. Alisikia redioni habari za utalii wa ndani, akaona ni aibu baba yake kuzaliwa Rungwe na kuzeekea Rungwe bila kulipa kiingilio cha kutazama maji aliyoyachota bure utotoni. Tukatoka Iringa alfajiri, tukampitia mzee kwake, tukaenda kuyaona maporomoko.

Mimi ni Mhehe wa Ipogolo niliyeolewa na Mnyakyusa. Kwa wale wanaoshika mila, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hasemi naye, wala hamgusi. Akimwona njiani anaingia porini mpaka mzee apite. Katika miaka sita ya ndoa sikuwa nimepata hata neno moja la mzee yule. Mume wangu aliniambia hiyo ndiyo heshima. Inawezekana. Lakini chuki nayo ikikaa kimya miaka sita, utaitofautishaje na heshima? Jambo hilo liliniumiza kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Kibao cha getini kilisema njia ni rahisi na inafaa kwa familia. Aliyekiandika bila shaka ana familia ya mbuzi. Njia yenyewe ni ya kupita mtu mmoja: upande wa juu miti na mizizi, upande wa chini hewa tupu, na huko chini maji yananguruma. Mume wangu, mwana mtiifu, alitangulia mbio kuwahi picha. Mzee akafuata. Mimi nikabaki nyuma na kapu la ndizi na chupa ya chai, maana utalii wa ndani nao una wapagazi.

Kwenye kona moja nikamkuta mzee amesimama kupumzika, hatua mbili mbele yangu. Kwa ngurumo ile hakunisikia mpaka nilipofika. Nikafanya adabu yangu: nikajibana kwenye miti, nikampa mgongo. Naye, mzee wa watu, akafanya adabu yake: akasogea kunipisha. Akasogea upande wa chini.

Kwa pembe ya jicho nikaona buti likiteleza. Sikukumbuka mila ya mtu yeyote. Nilitupa kapu, nikamdaka kola ya koti kwa mikono miwili, nikavuta mpaka tukaanguka wote kwenye matope, baba mkwe na mkamwana, magoti kwa magoti. Ndizi zilifika kwenye maporomoko kabla yetu.

Aliinuka, akajipangusa, akaanza kupanda kurudi bila kugeuka. Nikajua nimekwisha. Nikalia, tena kwa sauti, kwa kuwa maji yalikuwa yakinificha.

Nyumbani dada zake walimvamia ukumbini, wakauliza kwa Kinyakyusa, ambacho mimi nakisikia nusunusu, nani kamchania koti. Nilikuwa jiko la nje, kitenge usoni, nasubiri hukumu.

Mzee akajibu kwa Kiswahili, lugha ambayo hajawahi kuitumia na dada zake.

"Niliteleza. Nikashikwa na mti."

"Mti gani wa kushika kola, kaka?"

"Mti wa Iringa," akasema, akipaza sauti kuelekea jikoni. "Mti mzuri fijo, mzuri sana. Mtu asije akaukata."