Kambo kwenye Njia ya Kiso

Kolwezi ukimwambia mtu unakwenda kutembea kwa miguu, atakuuliza gari lako limeharibikia wapi. Kwa hiyo mwanangu, anayeishi Japani, aliponiambia kwenye simu kwamba nikifika atanitembeza mlimani kwenye njia ya kale ya Bonde la Kiso, nilimjibu sawa tu ili asikate simu. Sikuvuka nusu ya dunia kufuata njia. Nilikuwa nakwenda kumwona mjukuu wangu wa miaka minne, nimsikie akiniita kambo. Sisi wa Katanga mama wa baba tunamwita kambo. Bibi kwetu ni mke wa mtu.

Mtoto alinikimbia. Siku za mwanzo alikaa nyuma ya miguu ya baba yake, akichungulia. Nikinyoosha mkono, anajificha. Na Kiswahili hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Hilo lilinipandisha hasira.

"Weye, hata neno moja haukumufundisha?" nilimuuliza mwanangu.

"Kazi iko mingi, mama."

"Kazi njo inakukataza kusema na mutoto?"

Akacheka, akaniletea viatu vya kupandia mlima. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuwa viatu.

Mkewe alikuwa kazini, basi tulitoka watatu, mimi nimefunga kitambala kichwani. Tulianzia Magome, kijiji cha nyumba za mbao nyeusi kilichoparamia kilima, maji safi yakipita kwenye mifereji kando ya njia. Kuna gurudumu la mbao linalozungushwa na maji, halina haraka. Mwanangu alieleza kwamba wakubwa na wachuuzi walipita hapo zamani kwa miguu, kutoka mji mkuu mmoja hadi mwingine, na kwamba watu wa leo wamekataa kuibadilisha njia ile. Nilimwelewa, nikasikia na wivu kidogo. Kwetu mtoto anaanza shule kuna kilima, anamaliza shule kuna shimo la mgodi.

Msituni kuna kengele zimetundikwa njiani. Unapiga ili dubu asikie na kukimbia. Jina la dubu kwa Kijapani, kwetu ni tusi, sitaliandika hapa, mimi ni mama wa watu. Mwanangu alilitamka kwa sauti, mbele yangu, na uso mkavu kabisa. Nilimpiga kofi la mgongo.

Tulikula kwenye mgahawa wa njiani. Wali unapondwa, unashikizwa kwenye kijiti, unapakwa mchuzi mzito wa soya na karanga za kwao, kisha unachomwa. Nilikula vijiti viwili, nikatamani sombe, majani yetu ya muhogo, pembeni. Halafu tambi nyeusi ambazo lazima uzifyonze kwa kelele. Mjukuu wangu alifyonza kama pampu. Nyumbani ningemkaripia, pale nami nikafyonza.

Ni pale mezani mtoto aliponikaribia mara ya kwanza. Alininyooshea kidole, akauliza, "Nani?"

Moyo wangu uliruka. Kumbe Kiswahili kipo! Ananiuliza mimi ni nani!

"Njo mi, kambo," nilimjibu. "Kambo."

"Kambo," akasema, taratibu, kama anayeonja. Akarudi kwa baba yake, ambaye alikuwa anaagiza chai. Toka hapo kila akinitazama alisema kambo, na mimi niliteremka ule mlima kama msichana. Magoti hayakuniuma hata kidogo.

Tulipokaribia Tsumago, kijiji cha upande wa pili wa mlima, jua lilikuwa kali. Nilivua kitambala changu cha kichwa, kile cha manjano na kijani nilichokinunua kwa ajili ya safari, nikakitia kwenye mfuko. Mtoto aligeuka, akaniona, akaanza kulia. "Kambo! Kambo!" Nilichuchumaa, nikafungua mikono. Akapita pembeni yangu. Akaingiza mkono kwenye mfuko, akavuta kitambala, akakikumbatia.

Mwanangu alimuuliza kitu kwa Kijapani, wakajibizana. Kisha akaniangalia kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Mama, huku 'nani' ni 'nini'. Aliuliza ile kitu ya ku kichwa ni nini. Anawaza kitambala njo banaita kambo."

Niliumia. Watu wanasema bahati mbaya, wanacheka, inaisha. Mimi niliumia mpaka nikakaa kwenye jiwe. Nimefika mbali vile, nikapewa jina, kumbe jina ni la kitambaa cha soko la Kolwezi.

Mwanangu alitaka kumsahihisha palepale.

"Mwache," nilisema. "Ukimwambia sasa, ataogopa hata kitambala."

Nikakifunga tena kichwani. Siku zilizobaki alinishika mkono, tulilisha samaki wa bwawani, tulikula chestinati za kuchemsha, njugu za miti ya kwao, na kila saa alikuwa na kambo wake. Nilijua ni nani anayeitwa. Nilijitahidi kutomwonea kitambaa wivu.

Siku ya kuondoka, kwenye stesheni, niliamua. Kama kambo ni kitambala, basi kambo abaki nyumbani kwa mwanangu. Mimi nitarudi kwetu kichwa wazi. Nilikivua, nikamkunjia, nikamwekea mikononi. Nywele zangu nyeupe zilikuwa nje, watu wote wanaziona.

Alikitazama kitambaa. Alinitazama mimi. Akafikiri, mdomo wazi. Kisha akanivuta shingo nikainama, akanirudishia kitambala kichwani kwa mikono yake miwili, akakibana kwa nguvu, kikakaa upande na kunifunika jicho moja. Akarudi nyuma hatua moja akaniangalia vizuri.

"Kambo," akasema.

Treni ilipoondoka, abiria wa jirani alinionyesha kwa adabu kwamba kitambaa changu kimekaa vibaya. Nilimshukuru, sikukigusa.