Nilimfukuza Mume wa Mwanafunzi Wangu

Msinionee huruma. Nimewasoma wengi humu wakiungama huku wanajipaka mafuta, mara shetani alinipitia, mara nilikuwa kijana. Mimi shetani hakunipitia. Nilikuwa mtu mzima, nimeshiba, nimevaa suti ya kaunda, na kosa nililifanya mchana kweupe mbele ya watu waliokuwa wanacheka.

Nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha wananchi huku Mara. Vyuo hivi ndiyo kwanza vilikuwa vimeanza. Kijiji kinachagua mtu wake na kumleta, anajifunza uashi, useremala, ushonaji au mifugo, kisha anarudi kukitumikia kijiji. Wengi waliishia darasa la nne, na wengine walijua kusoma kwa kisomo cha watu wazima tu. Walishuka kwenye lori wamekumbatia masanduku yao utadhani tutawanyang'anya.

Kazi yangu ilikuwa kuwapokea. Wiki ya kwanza nilikaa na kila mgeni peke yake nikamuuliza kijiji kimemtuma nini, yeye mwenyewe anataka nini, hesabu anaziweza mpaka wapi, nyumbani amemwacha nani. Kisha nampangia masomo, namwambia jioni ahudhurie darasa gani la ziada na ajisomee na kundi lipi. Kazi hiyo nilikuwa naiweza. Silikatai hilo, na ndilo linalonitia kichefuchefu zaidi.

Na kiburi nilikuwa nacho! Kwetu ni Butiama, na miaka ile kutoka Butiama kulitosha kumfanya mjinga yeyote atembee kifua mbele. Wenzangu walikuwa watu wa Musoma mjini, viatu vya raizoni vyenye soli nene, Kiingereza cha kuokoteza. Darasani tulihubiri ujamaa mpaka mate yanatoka. Tukirudi ofisini tulikuwa tunawaigiza wanakijiji wanavyosalimia na wanavyokaa kwenye kiti, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Kundi la majuha, na mimi ndiye niliyekuwa naigiza vizuri kuliko wote.

Mwaka huo aliletwa binti kutoka kijiji cha Mugeta. Nitamwita Mugesi, ingawa silo jina lake. Alitaka mifugo. Wasichana wote niliokuwa nimewapokea walitaka kushona au wamepelekwa kushona, kwa hiyo nilimuuliza mara mbili. Akasema kwao kupe wanamaliza ng'ombe, josho limejengwa na hakuna mtu anayejua kupima dawa, wanamwaga tu. Nyumba yao ilisimama kwenye mkutano wa kijiji ikagombea nafasi hiyo mpaka ikapewa.

Nikamuuliza kama ameolewa. Akasema ndiyo, mume yupo Mugeta, anamlea mtoto wao ambaye ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Nikastaajabu, nikamsifia huyo bwana. Nilimwambia Mugesi kwamba ana bahati, wanaume wa namna hiyo huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Akanitazama, akainamisha kichwa.

Hesabu zake zilikuwa mbaya. Sehemu hazijui kabisa, na mtu asiyejua sehemu hawezi kuchanganya dawa ya josho. Nikampangia: asubuhi shambani na mwalimu wa mifugo, mchana darasani, jioni hesabu pamoja na waashi, maana waashi nao walikuwa wanapigana na vipimo. Nilimwambia asione aibu kuuliza. Mwezi wa kwanza alilia. Muhula wa pili ulipoanza, waashi ndio waliokuwa wanamuuliza yeye. Mwalimu wa mifugo akaniambia huyu akimaliza anaweza kushika josho la tarafa nzima.

Basi siku moja, mchana, nikaitwa getini. Mume wa Mugesi amekuja kumtembelea.

Nilikuta bibi kizee. Mrefu, mweusi, ugoro puani, mtoto mgongoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Nikamuuliza mume yuko wapi. Akanitazama kama mtu anayetazama ndama mgonjwa.

"Mume ni mimi. Ng'ombe nilitoa mimi. Mwite mke yangu, mtoto anamlilia."

Kwa wasiotoka huku nieleze. Mjane asiye na mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe wake, anaweza kutoa mahari akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Sisi tunaiita nyumba ntobhu. Siyo siri na siyo ajabu, iko vijiji vingi.

Wenzangu walikuwa wametoka ofisini. Kicheko kilichopigwa pale! Mmoja akauliza kama bibi analala upande wa ukutani. Mwingine akasema aandikwe kwenye risala ya mwenge kama maendeleo ya kijiji. Bibi hakuwa mpole hata kidogo, aliwarudishia matusi ya Kikizu ambayo nashukuru wengi hawakuyaelewa. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sicheki.

Sasa niseme jambo ambalo hata mke wangu halijui. Mimi nimezaliwa katika nyumba ntobhu. Aliyemuoa mama yangu ni bibi mjane wa aina hiyohiyo, mwenye ugoro na ulimi huohuo. Ng'ombe wake ndio walionisomesha shule ya kati. Chuoni nilikuwa nimejitungia baba aliyekufa vitani Burma, na watu waliniheshimu kwa ajili yake.

Nilipomwona bibi yule nilipata hofu. Niliogopa kwamba nikimkaribisha kwa adabu, kama nilivyofundishwa kumkaribisha wa kwetu, wale mabwege watasoma usoni mwangu nimetoka wapi. Hebu oneni uoga ulivyo kitu cha kipuuzi. Hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Nikacheka. Nikacheka kuwazidi wote. Nikamwambia kwa sauti ya mkutanoni kwamba hapa ni chuo cha serikali, siyo zizi, kwamba utumwa ulikwisha, na kwamba mwanamke hawezi kuwa mume wa mtu labda amenunua mtu. Nikamkatalia kumwona Mugesi. Nikasema chuo kinamtambua mume mwanaume au baba mzazi, basi.

Mtoto alikuwa analia muda wote huo. Bibi akaweka kibuyu chini, akaniambia neno moja tu kabla ya kuondoka.

"Wewe ni mtu ya wapi, mwanangu?"

Nikaagiza geti lifungwe.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga wa kawaida. Lakini nilishapigiwa makofi, na mpumbavu aliyepigiwa makofi hana breki. Nikaenda kwa mkuu wa chuo nikatoa hotuba kuhusu kumkomboa mwanamke. Mkuu alikuwa mtu wa kupenda lolote linaloweza kuingia kwenye taarifa yake ya mwaka. Tukaagiza baba mzazi wa Mugesi aitwe kupitia kwa katibu kata.

Mugesi alipopata habari alikuja ofisini kwangu. Alisimama mlangoni akanisihi nisimwite baba yake. Alisema mzee yule atamuoza tena palepale, hana dogo. Alisema kwa yule mama anakula, halali na njaa, hapigwi, na amepewa ruhusa ya kusoma ambayo hakuna mwanaume wa Mugeta angempa. Nikamwambia amezoea kufungwa, ndiyo maana anaipenda kamba. Niliona maneno hayo ni mazuri sana. Jioni niliyarudia kwa mwenzangu mmoja.

Baba alikuja upesi kuliko tulivyotegemea. Mlevi mwenye tabasamu, kofia mkononi, shikamoo mia kwa mkuu wa chuo. Aliuliza jambo moja tu: ni kweli serikali haiitambui ndoa ile? Nikamthibitishia. Hata kitabu cha sheria nilimwonyesha, bwege mimi, kama vile alikuja kusoma. Akatushukuru sana. Akasema anamchukua binti siku mbili tatu akamsalimie mama yake, kisha atamrudisha.

Tulimpa ruhusa. Mkuu aliwapa na lifti mpaka Bunda.

Mugesi hakurudi. Alipelekwa Musoma, akapandishwa mtumbwi pale bandarini Mwigobero, akaozwa kwa mvuvi mwenye kambi kisiwa cha Rukuba. Baba akala ng'ombe mara ya pili. Bibi alipodai ng'ombe wake baraza lilimwambia hana kesi, maana mwanamke hana mke, na yupo mkufunzi msomi kabisa aliyelithibitisha hilo. Mtoto alibaki kwake Mugeta, kwa sababu yule mvuvi hakutaka kulea wa mtu mwingine.

Mimi nikapandishwa cheo. Ndiyo! Nikawa mshauri wa wanafunzi wa chuo kizima. Taarifa ya mwaka ilisema tumemkomboa msichana mmoja kutoka katika mila potofu. Haikusema tumempeleka wapi.

Mugeta hawakuleta tena mtu chuoni. Mwenyekiti wao wa kijiji niliwahi kukutana naye Bunda kwenye ununuzi wa pamba, nikamuuliza kwa nini, nikajifanya sijui. Akasema watu wamesema wakileta mtoto kwetu tunamgawa. Josho lao lilikuja kukauka. Nimelipita, limeota majani.

Bibi wa kwetu Butiama, yule aliyemuoa mama yangu, alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda kuzika. Mbele ya wakufunzi wenzangu waliokuja kunipa pole, nilisema marehemu alikuwa jirani wa familia. Mama yangu alisikia. Tangu siku hiyo akitaka kusema na mimi anamtuma mtu.

Mugesi nilimwona mara moja tu, baada ya miaka kadhaa. Nilikuwa nimeshuka Mwigobero kununua sato, naye ameshuka na magunia ya dagaa kutoka kisiwani. Amekonda, mikono imechanika, mimba nyingine tumboni. Nilitaka kupita. Yeye ndiye aliyenisalimia, tena kwa heshima, shikamoo Mwalimu.

Nikaanza kubwabwaja. Nikamwambia chuo bado kipo, nafasi inaweza kupatikana, nitampangia upya, jioni hesabu kama zamani. Nilikuwa nazungumza haraka kama mchuuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafunga gunia lake.

"Ratiba yako ilikuwa nzuri, Mwalimu," akasema. "Ila mwenye alikuwaga ananishikia mtoto ndo nisome, si ulimfukuza wewe?"

Kisha akaniuliza kama huwa ninapita Mugeta, kama nimemwona mwanawe, kama ameanza shule. Nikasema sijapita. Ni mwendo wa saa chache tu kwa basi, na miaka yote hiyo sikuwahi kwenda! Hakunitukana. Aliniambia ninunue dagaa, wa siku ile walikuwa wamekauka vizuri, na mimi nikanunua, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Nawaandikia ninyi mnaopokea wanafunzi wapya, na najua mko wengi, mmekaa nyuma ya meza mkijiona mmebeba nchi. Mwanafunzi hafaulu kwa ratiba yenu. Anafaulu kwa sababu kuna mtu nyuma yake anayechota maji badala yake, anayelala na mtoto wake, anayegombana na kijiji kizima ili yeye akae darasani. Mtu huyo anaweza kuwa na ugoro puani. Anaweza kuwa mume, mke, mama wa kambo au kitu ambacho kitabu chenu hakina jina lake. Muulizeni mwanafunzi, nani anakuwezesha kuwa hapa? Akishawajibu, fungeni midomo yenu na mmheshimu huyo mtu.

Mimi nimeanza kumwambia mke wangu baba yangu alikuwa nani. Nilifika nusu. Akacheka, akadhani namtania, nami nikacheka pamoja naye.