Doa kwenye Kochi la Kona

Fundi Povu, kama walivyomwita mtaani, alikuwa ametoa madoa ya chai, wino na matapishi ya watoto katika sebule zisizo na idadi. Akifika alipiga zulia kwa kiganja aone vumbi, kisha akalisafisha kutoka ukutani akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, asije akakanyaga alikokwisha kupita. Akimaliza alisema yale yale: "Msilikanyage mpaka likauke. Na makochi hayo yasikaliwe, hata na mwenye nyumba." Watu walicheka, lakini walimtii.

Kwake kulikuwa na kochi moja la kona ambalo brashi yake haikuwahi kuligusa. Juu ya mgongo wa kochi hilo palikuwa na duara jeusi, pana kama sahani. Hapo ndipo marehemu mkewe alipoegemeza kichwa kila jioni, nywele zimekolea mafuta ya nazi aliyoyatia mdalasini kwa mkono wake. Enzi zile walitaniana.

"Mke wa fundi, kochi kama la gereji."

"Maliza wateja wako kwanza, mimi nimepanga foleni."

Siku hizi, kabla ya kubeba ndoo asubuhi, fundi aliinama pale kama anayetafuta kitu kilichoanguka, akavuta pumzi, akaenda zake. Harufu ilikuwa ikififia. Jambo hilo lilimnyima raha, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Ndipo binti yake akaleta habari kwamba wazazi wa mchumba wake wangekuja Jumapili.

"Baba, wakiliona kochi hilo watasemaje?"

"Watasema kuna mtu alilikalia."

"Watasema fundi wa makochi analala jalalani."

"Si tutalifunika shuka?"

"Kila mgeni tunamfunikia shuka. Hawa si wa kufunikiwa, baba." Akaligeukia kochi. "Na mimi namkumbuka. Lakini nikiliona hilo doa, naona kama mama ametoka tu, atarudi sasa hivi. Nimechoka kumsubiri."

Jumamosi fundi akalivuta kochi hadi kwenye mwanga. Mashine yake ya kusafishia aliiacha pembeni, akafanya kazi kwa mikono: sehemu za kuegemeza mikono, mito ya kukalia, pembe zote, akaliacha lile duara liwe la mwisho. Hapo alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha maji ya moto bila sabuni, akakandamiza bila kusugua. Doa la mafuta halifi. Huhamia kwenye kitambaa. Taratibu kitambaa kikageuka rangi ya kahawia, na joto likaamsha harufu, kali kama mkewe ndiyo kwanza ameweka kitana chini. Alisimama hapo amefumba macho. Kisha akakikunja, akakiweka dirishani peke yake, mbali na matambara mengine, akatoka kwenda kumwaga maji machafu.

Aliporudi, dirishani hapakuwa na kitu.

Binti yake alikuwa uani, povu hadi kwenye viwiko. "Nimekupunguzia kazi, baba. Matambara yote yametakata, hata kile kitambaa cha dirishani. Kilikuwa na mafuta sugu, ikabidi nikichemshe."

Ni fundi mwenyewe aliyemfundisha binti, tangu akiwa mdogo, kwamba tambara la kazi halilazwi chafu. Alikitazama kitambaa juu ya kamba. Kilikuwa cheupe kama kimetoka dukani.

"Umekifua vizuri," alisema, na ilikuwa kweli.

Akaingia ndani, akaketi kwenye kochi la kona. Maji yakapenya suruali mara moja. Binti akafika mlangoni akijifuta mikono kwa gauni.

"Baba, hilo bichi. Si hata mwenye nyumba haruhusiwi?"

Fundi alikuwa akitafuta mahali pa kuegemeza kichwa, na kichwa chake kilipita juu ya pale palipokuwa na doa. Mkewe alikuwa mfupi. Ilimbidi ateleze chini kidogo kidogo, magoti yakisogea mbele, mpaka kisogo kikapafikia.