Kigoda Kitupu cha Mama Mkwe

Waliomnyang'anya mama mkwe wangu kiwanja ni watatu: jumbe wa mji, karani mkalimani wa boma, na fundi cherehani aliyekaa naye ukuta mmoja. Naanza na hao kwa sababu watu wakisimulia habari hii husema ni Mzungu. Mzungu alitia alama ya penseli tu. Mila zetu hakuzijua, na waliozijua walikuwa wamesimama pembeni yake.

Mimi sikusoma. Darasa la pili niliacha, nikaenda kuosha vikombe katika mkahawa mmoja pale Singida mjini. Mwenye mkahawa, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Tabora, alikuwa amepaka ukuta wake chokaa. Siku moja hakukuwa na wateja, nikachukua mkaa jikoni nikamchora kinyozi wa ng'ambo ya njia, kamshika mteja kichwa kama anayechagua tikiti. Nikajua leo nitapigwa. Mwenye mkahawa akautazama ukuta, akatoka, akarudi na kinyozi mwenyewe. Kinyozi akasema, "Huyu mteja ni yule asiyelipa, nimemjua kwa masikio." Kuanzia hapo ukuta ukawa wangu. Nilichora muuza nyama, nikachora mhunzi na majembe yake, nikachora mzee wa Mgori aliyeleta asali kwenye vibuyu. Watu walikunywa chai huku wakijitazama.

Baadaye nilioa binti wa Unyambwa. Baba mkwe alipofariki, mke wangu alimleta mama yake mjini, akapata chumba mwisho wa mtaa wetu, kwenye tembe moja na fundi cherehani. Pale alikuwa akisaga ugoro. Tumbaku aliitoa kwao, magadi aliyaokota ziwani, na mlio wa jiwe lake ulisikika mpaka mkahawani. Wanunuzi walikuwa wengi. Ugoro wake ulikuwa mkali, wazee walilia machozi na kesho yake wakarudi.

Sasa, kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Mkikutana njiani unapisha, unageukia pembeni, mnasalimiana kila mtu akisemea upande wake. Kwa hiyo mtaani nilikuwa na njia yangu, nazunguka nyuma ya bucha nisipite mlangoni pake. Muuza nyama alizoea kuniita, "Bwana mkwe, pita upesi, mwenyewe kaenda kisimani." Watu wanacheka. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu nusu ya mtaa walikuwa na wakwe zao na njia zao za kuzungukia.

Ndipo Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, akaja kukagua mtaa. Barabara itapanuliwa, tembe zetu zitabomolewa, na kila mwenye kazi atapewa kiwanja kwenye soko jipya. Alipoingia mkahawani akaona ukuta, akausogelea, akaita karani. Karani akaniambia, "Bwana anataka umchoree mtaa mzima kwenye karatasi. Kila nyumba, mwenyewe na kazi yake. Atakayeonekana kwenye picha ndiye atakayepata kiwanja."

Nilipewa karatasi kubwa na penseli za boma. Sijawahi kushika karatasi nzuri kama ile. Watu walivaa kama siku ya sikukuu. Muuza nyama alisimama mbele ya bucha kavuta pumzi ndani.

"Nipunguze tumbo, kijana."

"Akikupunguza tumbo," kinyozi akamwambia, "Mzungu hatakujua, kiwanja atapewa mbuzi uliyemtundika."

Jumbe wa mji hakuwa na duka mtaani, lakini alikuja kila siku kutazama. Alikuwa na mpwa wake aliyetaka kufungua hoteli, na mpwa huyo hakuwa na nyumba wala kazi ya kuchorwa. Jambo hilo tulilijua wote.

Nilipofika mwisho wa mtaa nikamtuma mke wangu amwombe mama yake aingie ndani. Akaingia. Nikachora mlango, jiwe la kusagia, kibuyu cha magadi, majani ya tumbaku juu ya ungo, na kigoda chake. Juu ya kigoda sikuweka mtu. Ningemwekaje? Kumchora mtu ni kumtazama, tena kumtazama kuliko anavyotazamwa na mumewe. Fundi cherehani aliinuka kwenye mashine yake akaja kuchungulia begani kwangu. Alisema hivi, nakumbuka: "Umefanya vizuri. Shemeji yangu naye tunamwona, kakaa palepale." Alikuwa akimwita mama mkwe hivyo kwa utani. Alielewa picha ile kuliko mtu yeyote.

Siku ya baraza picha ilitandikwa juu ya meza nje ya boma. Nilisimamishwa mezani niieleze. Wanawake walikaa upande wa nyuma wa jengo, na mama mkwe alikuwa huko, kwa sababu mimi nilikuwa huku. Bwana Shauri alipitisha kidole, nyumba moja baada ya nyingine, karani anatafsiri, jumbe anaitikia. Muuza nyama akapata. Kinyozi akapata. Kidole kikafika kwenye kigoda, kikasimama.

Akauliza. Karani akageuka: "Hapa pana nani? Mbona hakuna mtu?"

Jumbe akanitangulia. "Hapo hapana mtu, Bwana. Vitu vimeachwa tu."

Nikasema, "Yupo. Ni mama mkwe wangu, anasaga ugoro. Mkwe hachorwi. Bwana Karani, wewe unajua, mwambie."

Karani yule ni Mnyaturu mwenzangu, na mkwe wake namjua. Akaniambia kwa kilugha chetu, taratibu, "Nimwambie Mzungu unamwogopa bibi kizee? Utatuchekesha wote." Kisha akasema maneno machache ya Kiingereza. Hata asiyejua Kiingereza alijua kwamba ni machache kuliko yangu.

Bwana Shauri akamwita fundi cherehani, jirani. Aliulizwa kama mlango ule una mtu. Fundi akatazama viatu vyake. "Mimi nikikaa kwenye cherehani macho yangu yako kwenye sindano, Bwana." Baadaye kiwanja chake kilitoka kwenye kona, pazuri kuliko pote sokoni. Sisemi zaidi.

Lakini Bwana Shauri hakuridhika bado, hilo nitamsemea. Alichukua penseli akanipa. Karani akatafsiri, na safari hii alitafsiri vizuri: "Kama yupo, mchore sasa hivi. Ukimchora, kiwanja ni chake."

Muuza nyama alisema chini chini, "Chora mwanamke yeyote, bwana. Weka kilemba basi, nani atajua?" Jumbe akamjibu bila kugeuka, "Mtaa wote utajua. Mkwe wake tutamtazama pamoja naye." Nilishika penseli. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushuka kwenye karatasi, kwa sababu yule mama hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kiume, na chumba chake kitabomolewa.

Sauti ikatoka nyuma ya jengo. Hakuniambia mimi, alimwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha watu wote. "Mwambie mumeo aweke hiyo penseli chini. Mimi si ng'ombe wa kuuzwa mnadani."

Mke wangu hakuwa na haja ya kunifikishia. Niliiweka. Bwana Shauri akatia alama nyekundu juu ya kigoda. Kiwanja hicho akapewa mpwa wa jumbe, akafungua hoteli.

Mama mkwe alirudi Unyambwa na jiwe lake kichwani. Aliendelea kusaga, lakini wanunuzi wa kule ni wachache, na miaka ya njaa ilimkuta akiishi kwa mtama wa kununua. Alikufa kwenye njaa hiyo. Mimi nilipona, sijui kwa nini.

Baada ya matanga mke wangu aliniletea karatasi. Alisema sasa mama amekwisha kufa, si kosa tena, nimchoree. Nikamwambia sura ya jumbe naweza kuichora nimefumba macho, na ya karani, na ya fundi cherehani mpaka kidonda cha mdomoni. Ya mama yake siijui. Akaanza kunieleza: paji pana, pengo mbele, ndewe ya sikio imechanika. Nilichora alivyosema. Aliitazama muda mrefu, akasema hapana, si yeye, huyo ni mtu mwingine.